Kilo Hamsini za Mchanga

Maelezo ya kukiri kosa yalikuwa kurasa mbili, yamechapwa bila hata doa, na yalipungukiwa na kitu kimoja tu: saini. Mwanamke kijana aliyetakiwa kuyasaini alikuwa ameshaomba kalamu mara mbili tangu saa tatu asubuhi. Kwa miaka ishirini na miwili ya kazi, Inspekta alikuwa amewaona watu wakikataa kusaini, wakisaini huku wanalia, na mmoja aliyeitafuna karatasi nzima mbele yake na kuomba maji ya kuimezea. Lakini mtu wa kuidai kalamu kama anayedai chenji yake hakuwahi kumwona, na jambo hilo halikumkaa vizuri. Kalamu akaiacha mfukoni.

Kesi yenyewe haikuwa na mizunguko. Juzi, saa tano kasorobo asubuhi, mwalimu wa hesabu alikuwa anapanda mlima kwa baiskeli kwenye barabara ya machimbo ya mawe. Gari la buluu likamgonga kwa nyuma, likamtupa mtaroni, likaenda zake. Mwalimu alivunjika nyonga, na alichokiona, kwa maneno yake mwenyewe, ni anga tu. Wavunja mawe waliokuwa ng'ambo walisema zilipita sedani mbili za buluu, moja mbele, nyingine nyuma yake kwa dakika kadhaa, vioo vyeusi, dereva huwezi kumwona. Mtaroni palipatikana ganda la kioo cha pembeni cha kushoto.

Magari hayo yalikuwa ya jaribio. Gazeti moja la magari lilikuwa linashindanisha sedani mbili za mbio, moja ya Kikorea na nyingine ya Kijerumani, na ofisini kwao kila mtu aliyaita Mkorea na Mjerumani kana kwamba ni mabondia. Ganda la kioo lilikuwa la Mkorea. Fomu ya jaribio ilisema kwamba siku hiyo, wakati wa kurudi kwa njia ya mlimani, Mkorea alikuwa mikononi mwa huyu huyu mwanamke kijana, ambaye wenzake walimwita Unyoya kwa wepesi wake. Jaji wa mji ule, kwa dereva aliyegonga na kukimbia, hakuwahi kushuka chini ya miaka mitatu. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana.

Nje ya chumba, kwenye benchi, alikaa mama yake Unyoya na mfuko wa nguo safi mapajani. Inspekta alikuwa amezungumza naye asubuhi. Mama alisema waachane na maswali mengi, binti asaini, alipe faini, arudi nyumbani. Inspekta alipomwambia kwamba hakuna faini, ni jela, mama alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsamehe mgeni asiyejua njia. Kaka yake alikuwa amemhakikishia ni faini, na kaka yake anayajua mambo ya barabara.

Huyo kaka, mjomba wake Unyoya, ndiye aliyekuwa dereva wa gari la pili.

"Mimi sijui kuendesha hata toroli," Inspekta alimwambia Unyoya, akavuta kiti. Na ni kweli hakujua. "Nieleze kama unamweleza mtoto. Kati ya hao wawili, nani gari?"

Unyoya alitazama karatasi zake kwanza, kisha akashindwa kujizuia. Alianza na namba. Mkorea ana injini ya lita tatu nukta tatu na nguvu za farasi mia tatu sitini na tano. Mjerumani lita tatu kamili, farasi mia tatu ishirini na mbili. Ukiishia hapo utasema Mjerumani kapigwa. Lakini Mkorea anamzidi mwenzake uzito kilo mia moja na arobaini, sawa na kuwabeba watu wazima wawili safari nzima. Kwa hiyo, kutoka kusimama mpaka kilomita mia kwa saa, wote wanakaribia sekunde tano, na tofauti yao ni ya kupepesa jicho. Nguvu zote za ziada za Mkorea zinaishia kumbeba Mkorea mwenyewe. Na mafuta anayanywa: kilomita tisa kwa lita, wakati Mjerumani anasogea mpaka kumi na moja na nusu.

"Na mlimani?"

"Mlimani Mjerumani raha, Afande. Ile kona ya tatu, penye kiraka cha lami, unaingia na gia ya tatu na pua inakufuata. Nyuma tu ndiko kulikuwa kuzito kidogo, alitaka kujitupa, nikamshika."

"Mkorea je, kona hiyo hiyo?"

Macho ya Unyoya yalirudi kwenye karatasi. "Mkorea," Unyoya alisema, "ana farasi mia tatu sitini na tano."

Inspekta aliandika jibu hilo neno kwa neno. Kwa mujibu wa fomu, Unyoya aliendesha Mjerumani wakati wa kwenda tu, kwa barabara kuu iliyonyooka. Mlimani alipita na Mkorea. Sasa mbona kona ya Mjerumani anaijua kwa viungo vya mwili, na ya Mkorea anaisoma kwenye karatasi? Alipomuuliza, Unyoya akasema alichanganya, akanyamaza, akaomba kalamu mara ya tatu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mshindo hauwekwi kwenye jalada. Mahakamani ingekuwa kauli ya mtu aliyejikwaa ulimi kabla ya kusaini kinyume chake.

"Kalamu yangu imeisha wino," Inspekta alisema. "Nitakuletea nyingine."

Sajini alikuwa uwanjani anawalinda Mjerumani na Mkorea wake, kama alivyosema mwenyewe. Alikuwa na nadharia, na nadharia za Sajini huja na tabasamu. Dereva yeyote, alieleza, huacha kiti kilivyomfaa. Unyoya ni mfupi na mwembamba. Mjomba wake ni pandikizi la mtu. Mtazame kiti cha Mkorea kimesogezwa wapi, mtajua nani alikikalia.

Inspekta alifungua mlango wa Mkorea. Kiti kilikuwa nyuma mpaka mwisho. Akaenda kwa Mjerumani. Kiti kilikuwa nyuma mpaka mwisho.

"Nani aliyaleta magari haya hapa kituoni?" aliuliza.

Sajini, ambaye miguu yake ilikuwa inatania kila suruali ya serikali, aliangalia viatu vyake. "Mimi, Afande. Yote mawili."

Tabasamu lilirudi walipofungua buti la Mjerumani. Ndani, kwenye pembe ya nyuma kabisa, palikuwa na mfuko wa saruji uliojazwa mchanga, umeshonwa mdomo na kufungwa kwa mkanda usitambae. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mnene: 50. Inspekta alijaribu kuuinua. Uliinuka mpaka magotini, ukarudi ulikotoka, na mgongo wake ukamkumbusha umri.

Ofisi ya gazeti ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la betri. Mhariri alikuwa amezibandika kurasa za toleo jipya ukutani: picha za magari yote mawili pua kwa pua, majedwali ya kasi, uzito na mafuta, na chini kabisa, kwa herufi za mlalo, ahadi kwamba kila gari limeendeshwa na kila dereva. Alikuwa mtu wa haraka na aliyapenda maswali ya mitambo kuliko ya watu. Kuhusu mfuko wa mchanga alifunguka kama bomba.

Mjomba, ambaye kila mtu alimwita Klachi na ndiye mkuu wa majaribio, ana kilo mia moja na nne. Unyoya ana hamsini na nne. Ukimweka Unyoya kwenye gari moja na Klachi kwenye jingine, umeshampendelea yule wa Unyoya kwa kilo hamsini, na hapo ulinganisho wa mafuta ni porojo. Ndiyo maana gari la Unyoya hubeba mchanga wa kilo hamsini, butini, umefungwa mkanda. Wakifika machimbo, ambako ni nusu ya njia, wanabadilishana magari na mchanga unamfuata Unyoya. Kanuni hiyo aliitunga Klachi mwenyewe miaka tisa iliyopita. Magazeti mengine, Mhariri alisema, yanakisia tu.

"Na fomu inajazwa saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla ya kuondoka. Wanasaini zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Machimbo pana vumbi na upepo, karatasi zinapeperuka."

"Kwa hiyo walisaini kwamba wamebadilishana magari kabla hawajabadilishana."

Mhariri alitafakari jambo hilo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akasema ndivyo walivyofanya siku zote.

Inspekta aliuliza kama kulikuwa na kipimo chochote kilichofanywa baada ya safari, si kabla. Kulikuwapo. Magari yanajazwa mafuta mpaka shingoni asubuhi, yanapimwa uzito na madereva ndani kwenye mizani ya malori iliyo jirani na kituo cha mafuta. Yakirudi, yanajazwa tena mpaka shingoni kwa pampu ile ile, yanapimwa tena. Uzito ukilingana na wa asubuhi, wanajua tangi limejaa sawasawa na hesabu ya mafuta ni ya kweli.

Sajini tayari alikuwa amesimama. Mhariri akamkalisha kwa kicheko kidogo. Uzito hautawaambia kitu, alisema. Klachi ni mia na nne. Unyoya na mchanga wake ni mia na nne. Wabadilishane, wasibadilishane, mizani itasoma vile vile. Mfuko uliwekwa kwa kazi hiyo hiyo.

"Na ule mchanga kubaki kwenye buti la Mjerumani?" Sajini aliuliza, sauti imeshuka.

Inspekta alimjibu yeye mwenyewe. Magari yalilala kwenye ua wa gazeti kabla polisi hawajayachukua. Wakili yeyote atasema mfuko ulihamishwa jioni.

Kabla hawajatoka, Inspekta aliuliza kuhusu rekodi ya Klachi. Mhariri alianza kuzipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa. Miaka sita iliyopita Klachi aligonga mtu, akapewa kifungo cha nje, na jaji akamwambia mbele ya watu kwamba akirudi tena asitegemee huruma. Unyoya hakuwa na hata faini ya kuegesha vibaya. Alisema hayo akitazama ukuta wenye majedwali, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kuwa na haya.

Kwenye mizani ya malori alikaa karani, mama mmoja mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kichwani, na hakuna aliyejua ya kichwani aliitumia lini. Alilalamika kwanza kuhusu watu wa gazeti wanaoleta vigari vyao kwenye mizani ya tani hamsini. Kisha akatoa faili la nakala, akalamba kidole, akazitoa tiketi nne za juzi: mbili za asubuhi, mbili za kurudi.

Jumla zilikuwa kama Mhariri alivyoahidi. Mkorea kilo elfu moja mia tisa asubuhi, elfu moja mia tisa kurudi. Mjerumani elfu moja mia saba sitini asubuhi, elfu moja mia saba sitini kurudi. Sajini alipiga mluzi wa mtu aliyefiwa na matumaini.

Inspekta hakuwa anatazama jumla. Kila tiketi ilikuwa na namba mbili ndogo juu yake, na yeye, kwa kuwa hakujua magari, alizisoma zote kama mtoto anayesoma hata jina la mchapishaji.

"Hizi za juu ni nini, mama?"

"Ekseli. Uzito wa magurudumu ya mbele na wa ya nyuma, kila jozi peke yake. Lori linaweza kuwa halali kwa jumla na likaivunja barabara kwa ekseli moja. Lazima tujue mzigo umekaa wapi."

"Mzigo umekaa wapi," Inspekta alirudia, na akaomba kiti.

Alichokihitaji baada ya hapo kilichukua dakika arobaini na jasho la wapakiaji wawili walioazimwa kwenye lori la vigae. Sajini alimleta Mkorea juu ya mizani. Kwanza mfuko wa mchanga uliwekwa kiti cha mbele, ubavuni mwa Sajini, mahali ambapo dereva mnene huwa na unene wake. Karani akapima. Kisha mfuko ukahamishiwa butini, kwenye pembe ya nyuma, mkanda ukafungwa. Karani akapima tena. Jumla haikutikisika. Lakini ekseli ya nyuma iliongezeka kilo thelathini, na ya mbele ikapungua thelathini. Wakarudia. Ikaja vile vile. Wapakiaji waliuliza kama polisi wote wanashinda hivi, na Sajini akawajibu kwamba leo ni siku nzuri.

Inspekta alizitandaza tiketi za juzi kwenye meza ya karani. Mkorea asubuhi, Klachi akiwa ndani kwa ushahidi wa kila mtu: mbele elfu moja na kumi, nyuma mia nane tisini. Mkorea kurudi: mbele elfu moja na kumi, nyuma mia nane tisini. Kama Unyoya ndiye aliyekuwa ndani na mchanga wake butini, nyuma ingesoma mia tisa ishirini. Na kama alisahau mchanga, jumla ingepungua hamsini.

"Labda aliuweka kiti cha mbele," Sajini alisema. Siku hiyo hata Sajini alikuwa ameshajifunza kutomuamini Sajini.

"Basi buti la Mjerumani lingekuwa tupu." Inspekta aliisukuma tiketi ya nne. Mjerumani asubuhi, na mchanga: mbele mia nane themanini, nyuma mia nane themanini. Kurudi: hivyo hivyo. Mfuko haukutoka mle. Na Unyoya asubuhi ile ile alikuwa amemwambia kwa mdomo wake kwamba mlimani Mjerumani alikuwa mzito nyuma.

Ilikuwa saa sita na nusu. Inspekta aliomba nakala zigongwe muhuri.

Klachi aliingia chumba cha mahojiano kwa ubavu, mkono mmoja kiunoni, na alikaa kwa awamu tatu kama mtu anayeshusha kabati. Alikuwa na uso wa ukarimu. Kabla hajaulizwa chochote aliuliza yeye.

"Ameshasaini?"

"Mambo yake yanaendelea," Inspekta alisema. "Nataka kuelewa utaratibu wenu tu. Mimi hata toroli siendeshi."

Hakuna lango pana kwa mtu mwenye fani yake kama kuombwa aifundishe. Klachi alieleza vizuri, kwa subira, na kwa robo saa Inspekta alimpenda. Alisema farasi mia tatu ni hadithi za vijiweni. Gari ni uzito, na uzito ni pale ulipokaa. Alisema Mkorea ana roho nzuri ila ana mwili, na Mjerumani ana mwili mzuri ila anajiona. Alisema yeye ndiye aliyemfundisha mpwa wake kila kitu, kuanzia kushika klachi ya gari bovu akiwa na miaka kumi na tano, na jina la Unyoya alimpa yeye. Hapo sauti yake ilikwaruza, na haikuwa uigizaji.

Inspekta alirudi kwenye utaratibu, jambo moja moja, na kila jambo aliliandika na kumpa alisaini. Machimboni walibadilishana magari: ndiyo. Mfuko ulihamishwa kutoka buti la Mjerumani kwenda buti la Mkorea: ndiyo, yeye upande huu, Unyoya upande ule. Ulifungwa mkanda butini, si kwingine: ndiyo, mchanga haukai kitini, ni kanuni yake. Baada ya machimbo hakuna aliyesimama wala kushuka hata kwenye pampu, mpaka mizani ilipotoa tiketi.

"Hata kidogo?"

"Ukisimama umeharibu hesabu ya mafuta, Afande. Kila mtu kwenye kiti chake mpaka mwisho." Akasaini.

Njia ya mwongo ni fupi, na Klachi alikuwa ameifupisha mwenyewe, saini nne. Inspekta aliweka tiketi za mizani mbele yake, mbili mbili, na za majaribio ya mchana huo pembeni. Hakueleza. Mtu huyu alijua ekseli kuliko yeye.

Klachi alivaa miwani. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Inspekta aliyaona macho yake yakijaribu milango: mfuko umesahauliwa, yakatazama jumla, yakatoka, mfuko kitini, yakaenda kwenye tiketi ya Mjerumani, yakatoka. Mlango wa mwisho, wa kubadilishana tena njiani, alikuwa ameufunga kwa saini yake dakika tatu zilizopita. Akavua miwani na kuikunja taratibu.

"Ule mfuko," alisema. "Mgongo wangu, Afande. Mwaka wa pili sasa. Nikiuinua nalala siku mbili. Nilimwambia, leo tuuache, fomu tumeshasaini, nani atajua."

"Leo, au siku zote?"

Inspekta hakusubiri jibu; faili la karani lilikuwa nene, na Mhariri angekuwa na majedwali mengi ya kuyang'oa ukutani.

"Na mwalimu?"

"Nilikuwa natazama mshale wa mafuta. Nilisikia kishindo, nikadhani jiwe." Mkono wake uliacha kiuno ukaja mezani. "Hapana. Sikudhani jiwe. Nilisema nitasimama hapo mbele. Halafu nikasema nikifika kwenye pampu. Unyoya aliona kioo kimevunjika, akauliza, nikamwambia mimi nikirudi kwa jaji yule sitoki. Wewe huna rekodi, watakupa faini."

"Ulijua si faini."

Klachi alitazama tiketi. "Dada yangu alitaka kuamini," alisema. Kisha akainua uso, na Inspekta akaona kitu ambacho baadaye hakukiweka kwenye ripoti kwa sababu hakukuwa na kisanduku chake. "Ameshasaini?"

"Bado."

Alifumba macho. Ilikuwa vigumu kusema kama mtu yule alipumua kwa kufarijika au kwa kukosa. Sajini, aliyesimama mlangoni, alisema baadaye ni la kwanza. Inspekta alikuwa na umri mkubwa zaidi.

Saa nane kasorobo alirudi chumba cha kwanza. Kurasa mbili zilikuwa bado mezani, na Unyoya alikuwa amezipanga kingo zikalingana. Inspekta alimwambia kwa maneno machache: mizani imeshasema, mjomba wake ameshasema, na kuna suala la kusaini fomu ya uongo na kumficha mtu ambalo atalijibu siku nyingine, kwa dhamana, akitokea nyumbani. Kwa leo aende. Mama yake yuko kwenye benchi.

Unyoya hakulia wala hakuuliza mizani imesemaje. Alikuwa mtu wa kazi ile. Huenda alijua tangu zamani kwamba kila tiketi ina namba tatu, na ndiyo maana akawa anaomba kalamu haraka.

"Mwalimu anaendeleaje?"

"Watamfanyia upasuaji kesho. Atatembea, lakini kwa mkongojo."

Aliinamisha kichwa. Vidole vyake vilizigusa tena kingo za karatasi.

"Mjomba aliniulizia?"

Inspekta alikuwa amewadanganya wezi, matapeli na mawakili, na kila mara uongo ulimjia ukiwa umeshavaa viatu. Sasa alisubiri, na haukuja.

"Alikuulizia mara mbili."

"Alisemaje?"

"Aliuliza kama umeshasaini."

Unyoya aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia namba aliyoitarajia. Kisha akazisukuma zile kurasa mbili upande wa Inspekta, akasimama, akatoka kwenda kumweleza mama yake kwamba haikuwa faini.